Kusahau Si Kubadili Nia

Kabla mgonjwa wa saratani hajaanza kutundikiwa dawa, kuna orodha anayosomewa. Nywele zitanyonyoka. Utatapika. Kucha zinaweza kuwa nyeusi, mdomo utapata vidonda, damu itapungua, jiepushe na watu wenye homa. Ni orodha ya kutisha lakini angalau kila kilichomo kinaonekana. Jirani akija kukujulia hali anaona kwa macho yake mahali ugonjwa ulipopita. Kitu ambacho mara nyingi husahauliwa kwenye orodha hiyo, na sifanyi utani, ni kusahau kwenyewe.

Wagonjwa ndio waliolisema kwanza. Wanawake waliotibiwa saratani ya matiti huko Ulaya na Marekani walikuwa wakilalamika kwamba vichwa vyao vimejaa ukungu, na kwa miaka mingi waliambiwa ni huzuni, au ni umri. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamelipima jambo hili na kukubali kwamba lipo. Si ule ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Ni kitu kidogo zaidi, ndiyo maana ni rahisi kukidharau: neno linakwama ulimini, mtu anasoma aya moja mara nne, anaingia jikoni na kusimama tu, anapoteza hesabu katikati. Dawa zenyewe zinachangia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwa panya jinsi dawa moja ya saratani, methotrexate, inavyovuruga zile seli za ubongo ambazo kazi yake ni kuzitunza nyingine. Lakini si dawa peke yake. Kuna wagonjwa waliopimwa kabla ya tone la kwanza na wakaonekana tayari wana shida. Weka hapo upungufu wa damu, kukosa usingizi, dawa za kuzuia kutapika, vidonge vya homoni, na hofu. Kwa wengi ukungu hupungua miezi kadhaa baada ya matibabu. Kwa baadhi hukaa miaka.

Kiswahili hakijalipa jina linaloeleweka na kila mtu. Nyumbani nilisikia tu "kichwa haishiki."

Mama yangu mdogo anaishi upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, ule mji ambao kaunti mbili zimekuwa zikiuvutana tangu ugatuzi uanze. Ana chai, ng'ombe wawili, migomba nyuma ya nyumba na watoto watatu. Kila wiki tatu alipanda matatu, akapita Keumbu, akafika Kisii mjini kwa dripu, akarudi jioni amejifunga leso kichwani. Mambo aliyoanza kupoteza hayakuwa makubwa. Sukuma iliungua. Alimlipa mtu wa boda boda mara mbili, na yule kijana, Mungu ambariki, akarudisha. Kilichomuuma zaidi kilikuwa kanisani. Yeye ni Msabato, na katika Shule ya Sabato kuna fungu la kukariri kila juma. Kwa miaka alikuwa ndiye anayesimama kwanza. Jumamosi moja akasimama, akasema maneno matano, akanyamaza. Wenzake wakamsaidia kumalizia kwa upole. Alipoketi alitazama chini mpaka ibada ikaisha, na juma lililofuata akasema miguu inamuuma, hataenda.

Mtu wa mbali anaweza kuona hiyo ni aibu ndogo tu. Lakini Gusii kusahau kuna historia nyingine. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati uliowaita wachawi. Mwaka 2008 zaidi ya watu kumi waliuawa hivyo hivyo katika eneo hili letu, wengi wao wazee. Wanaowatetea wagonjwa wa usahaulifu nchini wamesema mara nyingi kwamba mzee anayepotea njia usiku, akakutwa kwenye boma la wenyewe akiongea maneno yasiyoeleweka, haulizwi kama anaumwa. Anaulizwa alikuwa anafanya nini hapo. Mama mdogo hajafika hata miaka hamsini na hakuna mtu aliyewahi kumshuku. Lakini amekulia hapa. Anajua mwanamke asiye na nywele, mwenye kucha nyeusi, anayesahau njia ya kisimani, anaweza kuonekanaje kwa mtu ambaye ng'ombe wake amekufa juzi. Basi akaanza kuficha. Kuficha nako kunataka kumbukumbu: umemdanganya nani, ulisema nini. Sioni kazi ngumu kuliko hiyo kwa mtu ambaye kichwa hakishiki.

Ndiyo maana daftari lilikuja. Kabla ya dripu ya kwanza, mwezi Machi, aliita watoto wake na mimi, na shemeji yake alikuwepo pia, ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Akaniambia, "Wewe kazi yako ni kuandika. Basi andika." Akatoa maagizo. Nani wa kukamua. Pesa za chama zipelekwe siku gani. Na hili, alilolirudia mara mbili: chai isikodishwe, hata akilala kitandani mwaka mzima, kwa sababu bonasi ya chai ni karo ya kitinda mimba.

Kwa asiyejua, chai kwetu hukodishwa. Mtu mwenye shida huja kwa mtu mwenye pesa taslimu, wanapatana, na mwenye pesa anachuma majani kwa msimu au miaka kadhaa kana kwamba shamba ni lake. Familia nyingi zilizopata mgonjwa zimepita njia hiyo. Pesa huja upesi na huwa kidogo ukilinganisha na kile kinachochumwa, ila kwa mtu anayehitaji picha za hospitali wiki ijayo, hesabu hiyo ni ya watu wenye nafasi.

Siku ya pili baada ya dripu moja ya mwezi Juni, shemeji alikuja na mkodishaji. Pesa zilikuwa mezani, na kweli zilihitajika. Akamweleza mama mdogo kwa lugha nzuri, bila vitisho. Mama mdogo akasikiliza, akasema sawa, akatia sahihi. Mnamo Agosti aliona watu asiowajua wakichuma chai yake, akaniuliza, "Nani alikodisha chai?"

Tukio hili limenisumbua kwa sababu shemeji si mwizi. Kila shilingi ilienda hospitali. Na alipoulizwa alitoa hoja ambayo sikuweza kuijibu siku hiyo. Alisema, "Huyu ni mtu mzima. Hana wazimu. Nilimuuliza, akakubali, mbele ya mashahidi. Sasa mnataka kusema neno lake si neno? Mkisema hivyo, kesho akisema anataka kuendelea na dawa mtakataa pia? Nani hapa anamfanya mtoto, mimi au nyinyi?"

Hebu tukubali uzito wa hoja hiyo. Ukisema ndiyo ya mgonjwa haihesabiki kwa sababu anasahau, umemnyang'anya zaidi ya alichonyang'anywa na dawa. Umemtoa katika watu wanaoulizwa. Nimeona hilo likitokea polepole katika nyumba nyingine: mgonjwa ameketi pale pale sebuleni, na wageni wanamuuliza binti yake, "Anakula?"

Hata hivyo naamini shemeji alikosea, na ninavyoona kosa lake haliko mahali ambapo wengi wangelitafuta. Mama mdogo mwezi Juni alikuwa na akili zake. Alielewa bei, alielewa muda. Kitu kimoja tu kilikosekana mezani, nacho ni neno lake mwenyewe la Machi. Mtu anayebadili nia huwa ameishika nia ya kwanza mkononi, akaitazama, akaiweka chini. Aliyesahau hajaweka kitu chini. Kimemdondoka. Ukimwona mtu amedondosha pesa njiani, huwezi kuziokota na kusema amekupa.

Utaniambia watu wazima wenye afya nao husahau. Mimi Januari huwa naapa mambo ambayo Machi siyajui. Kama kila uamuzi ungehitaji kusomewa kwanza kila ulichowahi kusema, hakuna mtu angenunua hata mbuzi. Kweli. Lakini angalia ni nani alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango mwezi Machi. Shemeji alikuwa anakumbuka. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wake, na haukuwa mzigo wa kumkatalia wala wa kumwamulia. Ilikuwa sentensi moja: shemeji, mwezi wa tatu ulisema isikodishwe, sasa wasemaje? Sentensi hiyo ingemchukua muda mfupi kuliko kupanga zile noti. Hakuisema, na nadhani sababu ni kwamba alijua jibu linaweza kuwa hapana.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla sijaacha, tulifundishwa John Locke, Mwingereza ambaye mwaka 1694 alichapisha sura nzima akidai kwamba kinachomfanya mtu awe yule yule wa jana ni kuyafahamu yale aliyoyafanya jana. Ambacho huwezi kukikumbuka kuwa chako kinakuponyoka. Thomas Reid, Mskoti, alimjibu mwaka 1785 kwa mfano wa jenerali anayekumbuka alivyoteka bendera ya adui alipokuwa afisa kijana, na yule afisa kijana alikumbuka alivyochapwa utotoni kwa kuiba matunda, ila jenerali mwenyewe hakumbuki tena kuchapwa. Je, jenerali si yule mtoto? Darasani tulicheka. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, Locke hachekeshi tena, kwa maana ukimfuata mpaka mwisho, aliyezungumza Machi na aliyetia sahihi Juni wanaanza kuonekana watu wawili, na wa pili hana deni kwa wa kwanza. Shemeji hakuwahi kumsoma Locke, lakini ndivyo alivyofanya: alifanya biashara na mama mdogo wa Juni kana kwamba wa Machi amehama.

Kuna jibu letu la kawaida, na kila mwanafunzi wa falsafa nchini analijua. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu yuko kwa sababu wengine wako, na kwamba hata aliyekufa huendelea kuwepo kwa namna fulani maadamu kuna wanaomkumbuka kwa jina. Jibu hilo lina faraja: nisipojikumbuka mimi, jamii itanikumbuka. Nalipenda. Ila siwezi kulimeza lote, maana waliokusanyika Marani nao walikuwa jamii. Nao walikuwa na kumbukumbu, nani aligombana na nani, ng'ombe wa nani alikufa baada ya nani kupita. Jamii inayokubeba kichwani mwake inaweza pia kukuandika upya humo humo, na wewe usiwe na pa kukata rufaa. Kukumbukwa na watu hakutoshi mpaka tuulize wanakumbuka kwa ruhusa ya nani.

Kwenye swali hilo lililonisaidia zaidi ni andiko la 1998 la Andy Clark na David Chalmers. Wanamtunga mtu mmoja, Otto, mwenye ugonjwa wa usahaulifu, anayebeba daftari kila aendako. Akitaka kwenda jumba la makumbusho, anafungua daftari, anasoma lilipo, anakwenda. Wao wanadai daftari hilo ni sehemu ya akili yake, sawa na kumbukumbu zako zilivyo sehemu ya akili yako. Wanaweka masharti: liwe karibu naye daima, aliamini bila kusitasita, na yaliyomo yawe aliwahi kuyakubali mwenyewe. Hilo la mwisho walilitaja kwa kusitasita kidogo. Mimi naliona kubwa kuliko yote.

Kwa maana Otto anaishi peke yake kwenye andiko, na mama mdogo haishi peke yake. Daftari lake limewekwa juu ya kabati, na mikono minne imeandika humo. Kitinda mimba anaandika kwa Ekegusii. Mimi naandika Kiswahili. Binti mkubwa anaandika Kiingereza cha hospitali. Mara moja muuguzi mgeni alisoma "Baba asiambiwe habari mbaya usiku" akauliza baba huyo yuko wapi, akajulishwe mchana. Ikabidi aelezwe kwamba kwa Ekegusii baba ni mama. Tulicheka sana siku hiyo, na mgonjwa kuliko sote. Lakini kicheko kikiisha unaona jambo: kila anayeandika anatafsiri, na anayetafsiri anachagua. Sasa ikiwa daftari ni sehemu ya akili yake, basi tulikuwa na kalamu ndani ya kichwa cha mtu.

Tangu Agosti tulikubaliana mambo machache, na sidai yanafaa kila nyumba. Kilichoandikwa kinasomwa kwake siku hiyo hiyo, naye anasema ndiyo au anakifuta. Yakija mazungumzo ya mali au ya dawa, ukurasa wa zamani unasomwa kwanza. Mambo mazito hayaletwi siku chache baada ya dripu. Yanangoja siku za mwisho kabla ya dripu nyingine, ambazo kwake kichwa huwa chepesi. Daktari akieleza jambo, tunaomba ruhusa ya kumrekodi kwa simu. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe matibabu yake kwa lugha anayoielewa, na hiyo ni haki kubwa. Ila kueleweshwa mara moja, tena kupitia mtoto anayegeuza Kiingereza kuwa Ekegusii huku foleni inasukuma mlangoni, si kueleweshwa kwa mtu ambaye sentensi ya kwanza imeshapotea ya tatu inapofika. Huyo anahitaji kusikia tena nyumbani, ameketi, na chai mkononi.

Mambo haya yana gharama. Yanachosha. Kuna siku alikataa kusomewa chochote, akasema amechoka kuambiwa alisema nini, kana kwamba anaishi na polisi. Alikuwa na haki. Kumkumbusha mtu kila saa ni njia nyingine ya kumwambia amepungua. Nadhani mpaka uko hapa: akitaka kusahau alikoweka sufuria, mwache, mtaitafuta pamoja. Ukitaka kitu kutoka kwake, hapo ndipo unawajibika kumrudishia kwanza kilichodondoka.

Suala la chai liliishia nyumbani, mbele ya mzee wa kijiji, shemeji na mkodishaji wakiwa hapo. Ukurasa wa Machi ulisomwa. Mama mdogo alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba mkodishaji alianza kuvaa koti. Kisha akasema pesa imeshaliwa na imemfanyia kazi, hawezi kujifanya haikuliwa. Mkodishaji achume mpaka Desemba, kisha shamba lirudi, na kitakachobaki kulipwa kitalipwa polepole. Mtoto atachelewa muhula mmoja kama ni lazima. Hakuwa yule wa Machi wala yule wa Juni. Shemeji aliinamisha kichwa. Mkodishaji alinung'unika, akakubali.

Liko jambo jingine ambalo halijaisha. Mwezi huo huo wa Juni, jirani wa mpakani alikuja usiku, akaomba msamaha kwa mambo ya zamani ya mpaka wa shamba, akalia, na mama mdogo akamsamehe. Akaniagiza niandike, nikaandika, nikamsomea, akasema ndiyo. Kufikia Septemba alikuwa anapita mbele ya mwanamke huyo bila salamu, kama zamani. Jirani alinijia akitaka nimwonyeshe mgonjwa ukurasa. Anasema mtu hawezi kulia mara mbili kwa kosa moja. Kwa hoja yangu mwenyewe msamaha ule bado upo, kwa sababu kuusahau si kuufuta. Lakini hoja hiyo hiyo inasema mama mdogo akisomewa leo ana haki ya kuutazama, na kuuweka chini kweli kweli. Jirani anataka nusu ya kwanza bila ya pili. Nilimwambia aende mwenyewe, akaulize mwenyewe. Hajaenda.

Dripu zimeisha. Kichwa kinarudi kidogo kidogo. Sabato iliyopita alikariri fungu lake, fupi, akiwa ameketi. Amelichukua daftari kutoka juu ya kabati na sasa analiweka chini ya mto. Jioni analisoma dirishani, taratibu, na kalamu mkononi. Kurasa nyingine ameziwekea alama ya ndiyo. Mbili amezipiga mstari na kuandika pembeni, kwa Ekegusii, kwamba hayo hakuyasema. Moja ya hizo mbili nakumbuka vizuri sana alivyoyasema. Ukurasa wa jirani uko karibu katikati, na jana alikuwa amebakiza kurasa tatu kuufikia.